Jumlisha C

Kwa miaka ishirini Mwalimu Kobina Essuman alisimamia mitihani pale shule ya Abaakrom, na kwa miaka hiyo yote hapakutokea mtoto aliyegeuza shingo akasalimika. "Jicho halina kosa," aliwaambia kila mara kabla karatasi hazijagawiwa. "Jicho Mungu kaliumba litembee. Kosa ni la shingo." Basi watoto wa Abaakrom wakawa wanafanya mtihani wamekakamaa kama waliofungwa plasta, naye akipita katikati yao, mikono nyuma, kiatu kikilia kwi, kwi, roho imemtulia.

Mwezi wa sita alimfutia karatasi Ekua Mensima, binti wa muuza kenkey, yale madonge ya mahindi yaliyochachuka, pale stendi. Mtoto alilia, akasema hakuwa akimtazama mtu, alikuwa anatazama saa. Ni kweli saa ilikuwa ukutani, nyuma yao. Essuman mwenyewe ndiye aliyeitundika huko, ili watoto wasipoteze muda kuitazama.

"Shingo imegeuka au haikugeuka?" alimwuliza.

"Imegeuka, Mwalimu, lakini—"

"Basi."

Mama mtu alikuja kuomba, akasimama mlangoni pa ofisi mpaka miguu ikamuuma. Essuman akamwambia sheria ni sheria, hata angekuwa ni mwanawe wa kumzaa. Hilo halikuwa uongo. Mwanawe wa kumzaa alikwishahamia kwa shangazi yake zamani, akasomee shule nyingine.

Ila ofisi ile haikuwa yake. Alikuwa kaimu. Miaka mitatu alikikalia kiti cha mwalimu mkuu kwa tako moja, maana idara ya elimu ilikwishamwambia wazi: lete shahada, ukalie kiti chote, usipoileta kabla ya Septemba, tutamleta aliye nayo. Kwa hiyo kila likizo ndefu, watoto wakienda makwao, Essuman alifunga shule, akabeba begi lake na chupa ya shito, pilipili nyeusi ya kukaanga aliyopikiwa na mkewe, akaenda chuo kikuu kusoma kozi za likizo pamoja na walimu wenzake kutoka kila pembe ya nchi. Huu ulikuwa mwaka wa nne na wa mwisho. Masomo yote alikwishayapita kwa alama za kujivunia. Lilibaki moja: milinganyo ya mabadiliko.

Ni hesabu za ajabu hizo. Hesabu nyingine hukuuliza kitu ni kiasi gani. Hizi zinakuambia kitu kinabadilika kwa kasi gani, halafu zinakutaka wewe useme kitu chenyewe ni kipi. Ni kama mtu akueleze jinsi jirani yako anavyonenepa, kisha akuulize alikula nini.

Aliyewafundisha alikuwa Dokta Dery, kijana mwembamba wa kutoka kaskazini, umri wa vitinda mimba wao. Aliwaita "wazazi wangu" na hakupaza sauti hata siku moja. "Kenkey ikitoka jikoni inapoa," aliwaambia. "Ikiwa ya moto sana inapoa mbio, ikikaribia ubaridi wa chumba inapoa polepole. Mlinganyo unakuambia inavyopoa. Lakini haukuambii ilitoka jikoni ikiwa na moto kiasi gani. Hilo hulijui mpaka uambiwe. Ndiyo maana ukishakokotoa, mwisho wa mstari unaandika jumlisha C. Hiyo C, wazazi wangu, ndiyo kukiri kwamba hukuwepo jikoni."

Essuman aliipenda ile C kuliko kitu chochote alichofundishwa chuoni. Kuisahau kulikuwa kosa dogo, linajificha mwisho wa mstari, na kila mtu alikuwa akilifanya. Lilimngoja yeye tu aje alikamate.

Darasa lenyewe lilikuwa kichekesho. Walimu wale, ambao makwao wanafunzi huwakimbia njiani, wiki ya kwanza haikuisha wakawa watoto watupu. Walichelewa, wakagombea viti vya karibu na feni, wakauliza kila somo, "Dokta, hii nayo itatoka kwenye mtihani?" Walimchagua kiranja, naye kiranja, mwalimu mkuu mwenye mvi kutoka Bolga, akawa anaandika ubaoni majina ya wapiga kelele. Jina la juu kabisa, kila siku ya Mungu, lilikuwa la Madam Araba Quansah.

Madam Araba alitoka upande wa Apam, mjane, mnene, mwenye kicheko cha kuamsha waliolala na mfuko usiokosa karanga. Alikaa nyuma ya Essuman. Somo hili lilikwishamwangusha mara mbili, na sheria ya chuo ilikuwa kwamba ukianguka mara ya tatu huruhusiwi kurudi tena: shahada inakufa, na miaka uliyoitumikia inakufa nayo. Alilisema hilo huku akicheka, lakini alilisema mara nyingi mno.

"C iko wapi, Madam?" Essuman aligeuka akachungulia daftari lake. Darasani shingo yake iliruhusiwa.

"Iko njiani, inakuja."

"Jibu bila C ni sufuria bila tako."

"Ah, Mwalimu nawe! Hata nikijikuna utanisahihisha. Marehemu mume wangu hakunifuata hivi."

"Angekufuata, leo ungeijua C."

"Angenifuata hivi, angekufa mapema zaidi."

Darasa likaangua kicheko, na kiranja akawaandika wote wawili.

Jioni, wenzao wakienda kutafuta waakye, wali wa kunde, Essuman alikaa naye kwenye benchi nje ya bweni akamfundisha. Hakufanya hivyo kwa wema hasa. Ni kwamba hakuweza kuliona kosa likapita hivihivi. Madam akikokotoa vizuri, akafika mwisho wa mstari akaweka nukta, Essuman aligonga pale patupu kwa kidole, mara mbili, bila neno. Naye Madam aliguna, akaiandika C. Ikafika mahali hata hakuhitaji kumtazama usoni. Akigongewa tu, kalamu inakwenda.

"Sasa mtihanini nani atanigongea?" alimwuliza siku moja.

"Mtihanini utajigongea mwenyewe."

Siku ya mtihani Essuman alimaliza kabla ya wote, akaweka kalamu chini, akakunja mikono. Hakurudia kusoma aliyoyaandika. Kurudia, kwa maoni yake, ni kazi ya wasiojiamini. Msimamizi alikuwa binti aliyemaliza chuo mwaka uliotangulia, yuko kwenye utumishi wa taifa, na ilionekana anawaogopa watu wazima wote wale waliomjazia ukumbi. Alijikohoza, akatangaza:

"Zimebaki dakika thelathini."

Sentensi ile! Essuman alikuwa ameitamka maisha yake yote ya kazi, na kila alipoitamka miguu yake ilianza kutembea. Leo ameitamka mtu mwingine, lakini miguu haikuuliza ni nani. Alisimama, akakirudisha kiti taratibu kisipige kelele, akaweka mikono nyuma, akaingia katikati ya meza. Kwi, kwi.

Cha ajabu, hakuna aliyeshtuka. Wale walimu, wengine wana wajukuu, waliposikia kiatu waliinamia karatasi zao na kuzifunika kwa viganja. Mmoja alimeza bazoka aliyokuwa akitafuna. Binti msimamizi naye alimpisha njia kwa adabu, akidhani ni mkubwa fulani kutoka ofisi ya mitihani.

Kiranja wa Bolga alikuwa amejipinda kwenye kiti. "Kaa wima," Essuman alimwambia, naye akakaa wima. Akaingia mstari wa pili, akafika kwa Madam Araba, akainama kidogo. Swali la nne. Kazi safi, mistari imenyooka, roho ikamfurahi, mpaka alipofika mwisho wa mstari wa mwisho. Patupu. Akatikisa kichwa kwa masikitiko, akatoa kidole, akagonga mara mbili. Kalamu ya Madam ikaenda.

"Wewe baba!" binti msimamizi alipiga kelele, akili zimemrudia. "Si wewe ni mtahiniwa?"

Essuman aligeuka kwa ukali, kumtafuta huyo mtahiniwa anayevuruga mtihani.

Kesho yake aliitwa mbele ya kamati. Mwenyekiti alikuwa profesa mmoja mama, miwani puani, asiye na muda wa kupoteza. Dokta Dery alikaa pembeni yake, macho chini, na mezani palikuwa na karatasi mbili za mtihani.

"Bwana Essuman," Profesa alisema, "msimamizi alikuona umesimama kwa mwenzako unagonga karatasi yake. Kwetu hapa mambo ni mawili. Ama ulikuwa unampa, ama ulikuwa unachukua. Ukiwa ulimpa, aliyetoa na aliyepokea wote karatasi zao zinafutwa. Ukiwa ulichukua, unafutiwa peke yako, maana aliyeibiwa hana kosa. Wewe utarudi mwaka ujao ukafanye tena. Haya, lipi?"

"Profesa, mimi nilikuwa nasimamia."

"Unasimamia nini?"

"Mtihani."

"Mtihani wako mwenyewe?"

Dokta Dery alikohoa. Essuman alikuwa amekuja na ukweli wake ameupiga pasi. Alijua karatasi yake imekwisha kufa, na kiti cha Abaakrom kimekwenda nayo. Hilo lilimuuma mpaka mifupani. Kilichobaki kuokolewa kilikuwa jina. Na jina hakuliogopea, kwani ni nani chini ya jua angeamini kwamba Kobina Essuman alikwenda kuchungulia kwa Araba Quansah?

"Muulizeni Dokta," alisema. "Darasa zima linanijua. Mimi nitafute nini kwa Madam Araba? Mimi ndiye ninayemfundisha!"

Dokta Dery alisogeza zile karatasi mbili mbele yake, taratibu, kama mtu anayempa mzazi habari ya msiba.

"Mzee wangu, hapo ndipo ninaposhindwa. Swali la nne. La Madam lina C. La kwako halina."

Essuman aliivuta karatasi yake. Ule ulikuwa mwandiko wake, uliosimama kama askari. Alishuka nao mstari kwa mstari mpaka wa mwisho, na pale mwisho alikuta nukta, nzito, ya mtu aliyeridhika. Alipindua karatasi kutazama nyuma, kama kwamba C imeteleza ikaangukia huko. Mganga hajigangi, walisema wahenga, lakini hata mganga angalau hujua kwamba anaumwa.

"Basi mambo yako wazi," Profesa alisema. "Kuna kitu kilikupungukia, ukakumbuka kwamba kinapungua, ukaenda kukitafuta kwa jirani. Ukakamatwa hujarudi kwenye kiti kukiandika."

Hapo Essuman aliitazama karatasi ya Madam Araba, na jicho la miaka ishirini ya kusahihisha likaona ambacho jicho la Profesa halikukiona. Ile C ilikuwa imebanwa kwenye ukingo, imelala upande, wino wake mzito kuliko wa mstari wote. Nukta ilikuwa kabla yake. Hii ilikuwa herufi iliyoongezwa baadaye, kwa haraka. Angeweka kidole pale, akasema neno moja tu, jina lake lingesafishika papo hapo. Na Madam Araba angefutiwa naye, akawa ameanguka mara ya tatu.

Alifungua mdomo. Alilitaka neno lile litoke, asisingiziwe wema ambao hakuwa nao. Lakini wakati wa kuingia alimpita Madam Araba kwenye benchi la nje, ameshika mfuko wake kwa mikono miwili, hakuna karanga, hakuna kicheko. Alikuwa amekwisha kuhojiwa, akasema aligongewa meza akashtuka, zaidi ya hapo hajui. Alikaa ameelekeza uso mbele, shingo imemkauka. Essuman alizifahamu shingo za namna hiyo. Alikwishazitengeneza nyingi.

"Shingo iligeuka," alisema.

"Unasemaje?"

"Nasema nilichungulia. Madam hana kosa lolote."

Profesa aliandika. Dokta Dery alimtazama kwa huruma kubwa, na huruma ile ilimchoma kuliko adhabu.

Habari ilifika Abaakrom kabla yake. Aliposhuka stendi, mama yake Ekua Mensima alikuwa pale pale kwenye kenkey zake, mvuke unapanda. Alimfungia mbili, akamwongezea samaki bila kuombwa.

"Tumesikia, Mwalimu. Pole sana," alisema kwa upole. "Watu wanasema maneno mengi, lakini mimi nimewakataza. Nimewaambia, jamani, msimhukumu mtu. Labda alikuwa anatazama saa."

Essuman alipokea kenkey yake kwa mikono miwili. Mkuki kwa nguruwe. Na siku ile ulipita ubavu hadi ubavu. Hakwenda nyumbani. Alikwenda moja kwa moja shuleni, akapanda juu ya dawati, akaing'oa saa ukutani nyuma, akaipigilia mbele. Wiki ile ile alimwita Ekua afanye karatasi yake upya, akamwacha peke yake chumbani na saa yake, akamngoja nje. Hiyo ikawa kazi yake ya mwisho katika ukaimu.

Septemba idara ikaleta mwalimu mkuu mwenye shahada. Ilileta na onyo pia: Bwana Essuman, kwa lililomtokea, asisimamie mtihani wowote kwa mwaka mzima. Mwalimu mkuu mpya alishuka kwenye teksi akicheka na dereva, mfuko wa karanga mkononi, akaulizia ofisi iko wapi. Alikuwa Madam Araba Quansah.

Jioni ya siku ya kwanza alimwita. Essuman aliingia ofisini kwa kubisha hodi, kitu ambacho hakuwahi kukifanya mlangoni pale, akakuta Madam amekikalia kile kiti chote, na bado kimemtosha kwa shida.

"Kaa, Mwalimu. Kula karanga." Alifunga mlango, akashusha sauti. "Mimi sina maneno mengi. Siku ile uliponigongea, nilidhani unanikumbusha C kama kawaida yako. Nikaiandika mbio mbio. Baadaye Dokta aliponiambia kwamba ya kwako haikuwepo, ndipo nikaelewa. Masikini wa Mungu! Kumbe ulikuwa unaniuliza: Araba, hapa panakaa nini?"

Essuman alifungua mdomo.

"Nyamaza. Aibu ya nini, baina yetu? Likizo nzima unanikemea C, C, kumbe mwenyewe imekukaa kooni. Ndivyo mlivyo nyinyi wajuaji. Ungeniambia tu, mbona ningekuelewa?"

"Madam, mimi—"

"Na ulivyonisafisha mbele ya kamati! Mwingine angenizamisha naye. Sijasahau. Nimeomba mwenyewe niletwe hapa, nikasema yule mtu simwachi." Macho yalimlenga machozi, akayafuta kwa kiganja. Alikuwa anasema kweli tupu, na Essuman aliliona hilo. "Kila jioni watoto wakitoka, tutakaa hapa. Nitakufundisha mpaka uelewe. Mwakani unapasi, inshallah ya jirani zangu Waislamu na amina yangu mimi."

Alikuwa ameomba ubao mdogo uletwe ofisini. Aliinuka, akachukua chaki, akaanza na kenkey inayopoa. Essuman alifungua daftari. Madam aliandika vizuri, mistari imenyooka, hatua zinafuatana, mpaka akafika mwisho, akaweka nukta, akapangusa mikono na kumgeukia.

"Umeona? Wala si ngumu."

Palikuwa patupu. Miguu ya Essuman ikaanza kucheza chini ya meza. Kidole kikamwasha. Alikikamata kile kidole kwa mkono wa pili, akakibana, kisha akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu aitwe mwalimu: alinyoosha mkono juu.

"Naomba kuuliza, Madam."

"Uliza, usiogope."

"Pale mwisho. Hapakosekani kitu?"

Madam Araba alitazama ubao, akainamisha kichwa, akatazama tena. Kisha akapiga makofi kwa furaha, chaki ikaruka.

"Ei! Si unaona? Siku ya kwanza tu, na umekwisha kuanza kuelewa!"

Akaandika jumlisha C, kubwa, akaipigia mstari chini mara mbili, akasogea pembeni ili mwanafunzi wake aone. Essuman aliinua kalamu, akatazama ubaoni, akaandika. Akatazama tena, akaandika. Na hivyo ndivyo Kobina Essuman alivyonakili kwa Araba Quansah, kwa mara ya kwanza.